Kumtafutia ndugu mkutano wa kuacha pombe Dar: hospitali, AA, soba au kwa sheikh?

Kila Ramadhani mdogo wangu alikuwa anaacha pombe. Siku 29 au 30 tone haligusi, na mama alikuwa akimwombea dua kila futari. Idi mosi anakula pilau nyumbani na kanzu yake nyeupe, Idi pili yuko grosari. Tulikwenda hivyo miaka 6, tukiamini kwamba mtu anayeweza kuacha mwezi mzima hana tatizo, anajiendekeza tu. Mwaka wa 7, siku ya pili ya mfungo, alianguka uani akakakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Daktari aliyempokea alituuliza swali moja: "Ameacha pombe lini?"

Tangu siku hiyo tumezunguka naye sehemu nyingi za jiji hili kutafuta watu wa kukaa naye ili asirudi alikotoka: hospitali, AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha), soba (nyumba za upataji nafuu) na kwa sheikh. Sasa wapo wanaonipigia wakiuliza, "Dada, na wetu tumpeleke wapi?" Ndiyo maana naandika. Yeye anaishi Mbagala, ni fundi wa friji na viyoyozi, umri miaka 34. Mimi niko Tabata. Nayataja hayo mapema kwa sababu umbali na saa za kazi ziliamua mengi kuliko nilivyodhani. Amenipa ruhusa kusimulia yanayomhusu. Ya watu wengine waliokuwa kwenye vile vyumba siyaandiki, kwa kuwa hayakusemwa kwa ajili yangu.

Kabla ya mkutano wowote, daktari

Kama ndugu yako anazimua asubuhi ndipo aweze kushika kikombe bila kutetemeka, usimfungie ndani aache ghafla, na usimpeleke moja kwa moja kwenye kikundi chochote. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa, unashtuka. Mitetemo, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona vitu visivyokuwapo, joto linapanda, na hapo mtu anaweza kufa. Hospitalini wanatoa dawa ya kutuliza kama diazepamu kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Nenda Muhimbili au hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, useme wazi kwamba ni pombe, kiasi gani na tangu lini. Sisi tulificha kiasi kwa aibu, na daktari akatukatalia kwa upole hadi tukasema ukweli.

Kuna jambo watu wengi wanalichanganya. Wanasikia kuna kliniki ya methadoni wanadhani ni ya kila mlevi. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni kwa ajili ya waraibu wa heroini. Kwa pombe haisaidii.

Kikundi cha hospitali na mkutano wa AA

Hivi viwili ndivyo tulivyokaa navyo kwa muda mrefu, na ukiviweka pamoja utaona vinatoa vitu tofauti kabisa.

Kikundi cha hospitali kinaongozwa na mtaalamu, mnasihi au mwanasaikolojia. Kuna faili lenye jina lako, kuna tarehe ya kurudi, na mtu anayejua kutofautisha pombe na sonona iliyojificha nyuma yake. Kwa mdogo wangu ilibainika kwamba halali usiku tangu baba afariki, na hilo lilitibiwa lenyewe. Bila hospitali tungeendelea kupigana na chupa tu. Udhaifu wake ni saa. Kikundi kinakaa saa nne asubuhi siku ya kazi, na fundi anayelipwa kwa kazi aliyoifanya hawezi kumwambia mteja mwenye kiyoyozi kibovu asubiri. Halafu kiu ya pombe haiji saa nne asubuhi. Inakuja saa moja jioni, watu wanatoka kazini, mishikaki inachomwa, muziki umefunguliwa, na mtaalamu ameshakwenda kwake.

AA hawana mtaalamu. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron huko Marekani, pale walevi wawili, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari mpasuaji, walipogundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, siku inapita bila kunywa. Mpaka leo msingi ni huohuo. Mnakaa duara, mtu anataja jina lake la kwanza tu, anasema yake, hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Sharti la kuingia ni moja, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Kikapu kinapita, mwenye 500 anatia, asiye nayo anakipitisha kwa jirani, na kwa utaratibu wao hawapokei msaada wa fedha kutoka nje ya kikundi. Hatua zao ni 12, yaani mambo ya kufanya moja baada ya jingine ili kubaki bila pombe, na mgeni halazimishwi hata moja siku ya kwanza.

Nilikuwa na shaka. Mimi ni mtu wa vipimo na vyeti, na sikuelewa watu wasio na elimu ya tiba watamsaidiaje. Kilichonituliza ni kujua kwamba mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayopitia tafiti za tiba, ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ikaona kwamba njia ya AA na hatua 12 iliwasaidia watu kuacha kabisa kwa kiwango sawa au kizuri zaidi kuliko tiba nyingine za kisaikolojia zilizolinganishwa nayo. Haina maana kila mtu atafaulu. Ila si mambo ya kubahatisha.

Kitu ambacho hospitali haiwezi kukupa ni sponsa. Huyu ni mwenzako aliyekaa bila pombe muda mrefu kuliko wewe, ambaye unampigia kabla hujanunua, usisubiri mpaka umeshakunywa. Desturi ni mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Sponsa wa mdogo wangu ni dereva wa lori. Jumamosi moja saa nne usiku walizungumza dakika 50, mdogo wangu akiwa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, hatua 20 tu kutoka grosari yake ya zamani. Hakuna kliniki inayopokea simu namna hiyo.

Ukipiga kuulizia, uliza kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi hata ndugu anaingia. Wa kufungwa ni wa wenye tatizo peke yao, na huko mimi nilingoja nje kwenye benchi la mama ntilie.

Getini mwa kanisa

Mikutano mingi ya AA, hapa na kwingineko duniani, inakaa kwenye kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu. Sisi ni Waislamu. Mdogo wangu alifika getini, akaona msalaba juu ya paa, akageuka. Alisema mlevi ameshakuwa, hataki kuongezewa na la kuritadi. Nilikuwa na ushungi wangu kichwani, watu wanapita wanatutazama, nikamshika mkono tukakaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara.

Mwenyekiti wa kikundi alitoka, mzee wa makamo. Akasema, "Ndugu yangu, ukumbi tunaupanga, tunalipa kila mwezi. Padri hayajui majina yetu." Ndani wanamtaja Mungu, kwa maneno ya "kadiri kila mmoja anavyomfahamu", na Mwislamu anamtaja Mwenyezi Mungu wake bila kuulizwa. Mdogo wangu aliingia akakaa kiti cha mlangoni, mikono ameibana mapajani isionekane ikitetemeka. Walipomletea chai aliiacha ikapoa mezani, kwa sababu kuinyanyua kungeonyesha kila kitu. Aliyekaa kando yake alikimimina kikombe nusu, akakirudisha bila kusema neno. Kikombe kilichojaa nusu hakimwagiki. Ni mtu aliyewahi kutetemeka tu ndiye angelijua hilo.

Lugha

Kwenye hili nina msimamo. Kikundi cha kwanza tulichokihudhuria kilikuwa upande wa Peninsula, yaani rasi ya Msasani, na lugha ilikuwa Kiingereza. Watu wema, wengine wana miaka zaidi ya 10 bila pombe, ukumbi una kiyoyozi na saa zinafuatwa. Mdogo wangu anasoma vitabu vya mitambo kwa Kiingereza bila shida. Lakini wiki 3 mfululizo zamu yake ilipofika alisema jina lake na kwamba anaendelea vizuri, akanyamaza.

Kikundi cha pili kilikuwa cha Kiswahili, watu 7, viti vya plastiki, feni moja inayolia. Wiki ya pili alisema kwamba cherehani ya mama, ile tuliyoambiwa imeibwa, aliiuza yeye. Nilikuwa chumbani, mkutano wa wazi. Miaka 4 tulikuwa tukimshuku kijana wa jirani.

Kikundi cha Kiingereza kina uzoefu mkubwa zaidi, na kwa mtu aliyesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza, au mgeni anayeishi Masaki, ndicho kitakachomfaa. Kwa wengine wote, tafuta chumba ambacho mtu anaweza kusema "nimeiba" kwa lugha aliyoibia. Hata kama ni cha watu 7. Hata kama wenye miaka mingi humo ni wawili tu.

Soba

Nyumba za upataji nafuu, ambazo wote tunaziita soba, zipo maeneo kama Kigamboni na Bagamoyo. Mtu anakaa humo miezi kadhaa, mbali na maskani, na kila siku kuna kikao. Nyingi zinafuata hatua 12 hizohizo, na wengi wa waliomo ni waliokuwa wakitumia heroini.

Kuna faida mbili ambazo AA ya mara moja kwa wiki haina. Mtu hayuko peke yake saa za jioni, na anatenganishwa na wenzake wa grosari. Anayelala barabarani, au aliyejaribu mara nyingi akiwa nyumbani akashindwa, hapo ndipo pake. Ubaya ni gharama ya kila mwezi na kazi inayosimama. Kwa mwenye watoto wanaomtegemea, miezi kadhaa bila kipato ni janga la pili.

Mdogo wangu hakulala soba. Alihudhuria vikao vya Jumapili ambavyo nyumba moja iliwafungulia watu wa nje. Mwanzo alikataa: "Mimi si teja, mimi nakunywa bia." Siku ya pili akasikiliza kijana mmoja akieleza yake, akaniambia kwenye kivuko tukirudi, "Dada, yule kasema mimi." Tangu hapo neno teja sijalisikia mdomoni mwake.

Ukichagua soba, nenda kaione kwanza wewe mwenyewe mchana. Uliza kama imesajiliwa, daktari anakuja lini, na mwenye kifafa cha pombe wanampeleka wapi. Nyumba moja tuliyoipigia ilitaka kututumia vijana waje kumbeba usiku kwa nguvu. Nilikata simu. Mtu mwenye kutetemeka, amefungwa, bila dawa, ni hatari ile niliyoieleza mwanzoni.

Kwa sheikh, na kwa wenzetu kanisani

Sheikh wa mtaani kwetu alitusaidia kwa jambo ambalo halikunijia akilini. Badala ya kumkumbusha moto, alimweleza kwamba ulevi haukuharamishwa kwa siku moja. Kwanza iliteremshwa aya ya al-Baqara inayosema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, baadaye ya an-Nisaa inayokataza kuikaribia sala ukiwa umelewa, mwisho ya al-Maida inayokataza kabisa. Mdogo wangu aliishika hiyo. Akaanza kwa kuhesabu kutoka alasiri hadi magharibi, magharibi hadi isha. Ni karibu sana na wanavyosema AA, leo tu, kesho haijafika.

Pia kulikuwa na mtu wa kisomo aliyetaka aache vidonge vya hospitali siku ya nne ili dua ifanye kazi. Hapo ndipo nilipojua kuweka mpaka. Dua na vidonge vyote viwili, au tunaondoka.

Mwenzangu wa kazini, Mkristo, alipitia njia ya kanisani na kwaya. Mazoezi ya kwaya yalimkalia Jumatano na Jumamosi jioni, saa zilezile za hatari, na alipata marafiki wapya kwa mkupuo. Shida ilikuja alipoteleza. Alikuwa ameshashuhudia mbele ya usharika mzima kwamba amepona, kwa hiyo alipokunywa tena aliona aibu kurudi, akapotea miezi mitatu. Kwenye AA anayeteleza anarudi wiki ijayo, anasema "nina siku 2", na wanampigia makofi sawa na mwenye miaka 2. Kama unategemea ibada, na mimi naitegemea, hakikisha ndugu yako ana pia mahali ambapo anaweza kushindwa na bado akakaribishwa.

Kwa simu

AA wana mikutano ya mtandaoni saa zote za mchana na usiku, kwa kuwa duniani kote kuna mahali ni jioni. Mingi ni ya Kiingereza. Anayetaka njia isiyomtaja Mungu kabisa anaweza kutafuta SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, inayofundisha mbinu za kupambana na tamaa na mawazo. Nayo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Zima video, bando litadumu. Vaa spika za masikioni, maana nyumba zetu kuta ni nyembamba.

Simu inamfaa mlinzi wa zamu za usiku, mtu anayejulikana sura, na zaidi ya wote mwanamke anayekunywa kwa siri. Mwanamume mlevi Dar anaonewa huruma. Mwanamke mlevi anatukanwa, kisha watoto wanachukuliwa. Ukiwa mwanamke na ukifika kwenye chumba cha wanaume watupu, usikate tamaa. Omba waulizie mwanamke mwenzako atakayekuwa sponsa wako, hata kama yuko Nairobi au Arusha na mtazungumza kwa simu tu.

Na wewe unayempeleka

Mwaka 1951 mke wa mmoja wa waasisi wa AA na mwenzake walianzisha Al-Anon, kwa ajili ya ndugu na wenza wa walevi. Nilihudhuria mtandaoni, kamera imezimwa, nikidhani nakwenda kujifunza namna ya kumdhibiti. Nilichokutana nacho ni orodha ya mambo ninayoyafanya mimi. Deni lake la grosari nilikuwa nalipa kila mwisho wa mwezi. Wateja wake nilikuwa nawapigia nasema ana malaria. Malaria ya kila Jumatatu! Niliacha vyote viwili wiki moja, na ndiyo wiki aliyoomba mwenyewe twende mkutanoni.

Tulivyochagua

Mwisho wa yote tulikaa na kikundi kidogo cha Kiswahili, Alhamisi saa kumi na mbili jioni, upande wa Temeke. Kuna daladala moja tu kutoka Mbagala, bila kubadilisha, na haipiti kwenye grosari yake. Kile cha Peninsula kilikuwa magari matatu na foleni ya saa mbili, na mtu mwenye kiu hawezi kukaa kwenye foleni saa mbili akiangalia mabango ya bia. Hospitali anakwenda mara moja kwa mwezi. Sheikh anamwona Ijumaa. Siku ambazo hakuna mkutano anampigia sponsa, hata kama hana la kusema.

Wakongwe wa AA wanapenda kumwambia mgeni ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Kwa Dar, ambako mikutano ya ana kwa ana ni ya kuhesabu, jaza zilizobaki kwa simu. Usihukumu kikundi kwa siku ya kwanza, kipe mwezi mmoja. Na kabla hujafunga safari piga uthibitishe siku na ukumbi, maana vikundi vinahama kodi ikipanda.

Ramadhani hii wameamua wenyewe kusogeza Alhamisi mpaka saa tatu na nusu usiku, baada ya tarawehe. Kati ya wale 7, wanne ni Wakristo. Mama amesema atapika vitumbua, na aliyeagizwa kununua mchele na kuuloweka tangu asubuhi ni mdogo wangu.